Mwalimu Breki na Kiti cha Kushoto

Kwa miaka ishirini na mitatu Mwalimu Breki alikula jasho lake akiwa amekaa kushoto. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa chuo cha udereva, na likamganda hata mwenye chuo akasahau lile la kwenye mkataba. Gari la mafunzo lilikuwa na pedali mbili za ziada upande wa mkufunzi, ya klachi na ya breki, na ile ya breki aliikanyaga kama mtu aliyeweka nadhiri. Usukani hakuwa nao. Usukani ulikuwa wa mwanafunzi, upande wa kulia. Yeye alikuwa na pedali zake mbili, kioo kidogo alichokibandika mwenyewe ili aone nyuma, na mdomo.

Mdomo ndio uliomlisha. "Kioo. Ishara. Angalia bega. Haya, twende." Mikono yake ilipumzika, mmoja gotini na mwingine karibu na handibreki, huku mdomo ukiwatoa watu gizani. Walipita kwake wauguzi, makarani, wauza vitambaa, na akina mama wazima ambao waume zao walijaribu kuwafundisha wakaishia kununiana. Asubuhi alikwenda kazini kwa miguu, maana nyumba haikuwa mbali. Jioni mwanafunzi wa mwisho ndiye aliyemrudisha, na kuegesha mbele ya mlango wake kukawa ndilo zoezi la kufungia siku. Majirani walizoea kumwona akiteremka mgongo wima.

"Mzee ana madereva wengi kuliko waziri," walisema, naye alijifanya hasikii ili warudie.

Gari lake mwenyewe hakuwa nalo. Hakuona haja. Mvuvi gani anayelala na samaki?

Mkewe alifanya kazi mapokezi kwa Daktari wa Meno. Aliandika miadi, aliwatuliza waliokuja wakitetemeka, na mara tatu kwa wiki alichukua gari dogo la kliniki akavuka mji mzima hadi kwenye karakana ya meno bandia, akarudi na sanduku lenye tabasamu za watu. Aliendesha taratibu ili meno yasigongane. Mumewe ndiye aliyemfundisha, miaka kumi na minane nyuma, kwa miezi minne ya kugombana. Alifaulu mtihani mara ya pili, na tangu siku hiyo hakuwahi kukwaruza hata toroli.

Watoto wao wawili walipokwisha kupata miji yao, mama yao alisema, "Sasa zamu yetu." Alijua anakotaka kwenda. Ukutani pale kliniki palikuwa na kalenda yenye picha ya nchi ya mbali: barabara imeuzunguka mlima kama mshipi, chini yake ziwa. Kila mgonjwa aliyesubiri aliitazama picha ile kusahau jino lake, naye aliitazama miaka yote hiyo bila kuumwa jino lolote.

"Siku kumi na mbili," alimwambia mumewe. "Sitaki basi la watalii la kutushusha na kutupandisha kama mizigo. Tukodi gari, tusimame tunapotaka, tukae tunapotaka."

"Huko magari hupita upande gani?"

"Kulia. Na usukani uko kushoto."

Mwalimu Breki alicheka mpaka akashika ubavu. "Kushoto! Mama, hiyo nchi imejengwa kwa ajili yangu. Kiti cha kushoto nimekikalia kuliko kitanda chetu."

Kuanzia siku hiyo alilala akiendesha. Alijiona amevaa miwani ya jua, kiwiko dirishani, mkewe pembeni akishangaa milima na kumshangaa yeye. Kazini alitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Kwa nini asitambe? Aliyefundisha mji mzima kuendesha, hatimaye angeendesha.

Kisha akaingia Daktari wa Meno.

Kumbe Daktari aliwahi kwenda nchi ile mwaka uliotangulia, akakodi gari, akaizunguka. Mama aliposikia hakumwacha apumue. Kila palipokuwa na nafasi kati ya mgonjwa na mgonjwa, Daktari alichukua kadi ya miadi, akaigeuza, akachora: mto huu, daraja hili, hapa ulale, hapa usipite mvua ikinyesha. Mama alirudi nyumbani na kadi tatu, kesho nne. Akazipanga mezani baada ya chai kama mtu anayecheza karata peke yake. Upande mmoja wa kila kadi ulisema *Tafadhali fika dakika kumi kabla ya muda wako*. Upande wa pili ulikuwa na barabara.

"Daktari amesema siku ya tatu tusizidi kilomita mia moja na hamsini," alisema jioni moja.

"Kwa nini?"

"Kona. Amesema mtu akipinda kona saa nne mfululizo, kesho yake hafurahii kitu."

"Daktari amesema." Mwalimu aliweka kikombe chini. "Huyo Daktari nilimfundisha mimi. Wiki mbili nzima alishika usukani kama mtu anayening'inia mtini. Alipanda ukingo wa barabara pale posta, watu wakaacha barua zao wakakimbia."

"Hiyo ni miaka kumi na miwili iliyopita, baba."

"Ukingo una alama mpaka leo. Nenda kaone."

"Na bado amekwenda, ameendesha, na amerudi na meno yake yote."

"Mtu aliyezoea matundu ya meno leo ndiye mtaalamu wa milima?"

Mkewe alicheka, akarudi kwenye kadi zake. Kicheko hicho kilimuudhi kuliko ugomvi. Alikuwa amekusudia amchome, naye akaburudika.

Wivu ukishaingia nyumbani haukosi pa kuketi. Mwalimu alianza kusikiliza. Kati ya chai na kuosha vyombo, mkewe alitaja "Daktari" mara kumi na moja. Alianza kutazama: zile kadi zilichorwa kwa kalamu nzuri, mistari imenyooka, na kila ziwa limepakwa buluu. Mtu mwenye wagonjwa mlangoni anapata wapi muda wa kupaka ziwa buluu? Tena Daktari alikuwa mgane, mikono yake misafi siku zote, na sauti ya kumfanya mtu afumbue kinywa kwa hiari. Mwalimu alijitazama mikono. Ilikuwa mikono mizuri tu. Lakini ilichora nini?

Wiki iliyofuata alikuwa garini na Karani wa Benki, msichana mwangalifu aliyebakiza wiki moja kufanya mtihani. Njia ya mafunzo haikupita mtaa wa kliniki. Siku hiyo ilipita.

"Kata kushoto hapa."

"Mwalimu, si huwa tunakwenda moja kwa moja?"

"Mtihani hauna huwa. Kata."

Karani akakata vizuri kabisa. Gari likapita mbele ya kliniki polepole, na dirishani Mwalimu akaona: mkewe amesimama, Daktari amesimama, wote wawili wameinamia meza ya mapokezi, vichwa vimekaribiana, kidole cha Daktari kinasafiri juu ya karatasi, na mkewe anacheka kichwa kikiegemea nyuma. Kicheko hicho alikijua. Alikuwa hajakisikia nyumbani muda mrefu.

Mguu haukumwomba ruhusa. Gari lilisimama kwa kishindo, mkanda ukamkaba Karani, na nyuma yao honi tatu zikalia kwa zamu.

"Mwalimu! Nimekosea nini?"

"Hujakosea."

"Sasa mbona umenifungia breki?"

"Paka. Kulikuwa na paka."

Karani alitazama mbele, akatazama kando, akatazama kioo. "Yuko wapi?"

"Amekwisha pita. Paka hamsubiri mtu. Washa gari."

Msichana aliwasha, lakini ujasiri wake ulikuwa umevunjika, na siku ile yote injini ilimzimikia kila njia panda. Mwalimu aliona aibu. Aibu yenyewe haikuupunguza wivu. Ilikuwa kama kumwagia chumvi mtu mwenye kiu.

Ndipo ikaja fomu. Wakala wa safari, aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja jirani na soko, alitaka ijazwe na kurudishwa Ijumaa mchana, la sivyo gari lingepewa wengine. Ilikuwa na nafasi moja tu ya dereva. Maelezo yalikuwa wazi: kwa aina ile ya gari, bima inamtambua mtu mmoja aliyeandikwa, na asiyeandikwa haruhusiwi kugusa usukani hata kwa kulisogeza kivulini.

"Mmoja," alisema mama.

"Mmoja anatosha," alisema Mwalimu. "Nipe kalamu."

"Ngoja kidogo. Daktari alisema..."

"Alisema nini tena?"

"Alisema tujaribu kwanza hapa, kwenye gari la usukani wa kushoto. Amesema siku ya kwanza alipofika huko alitaka kulia machozi. Kwa Fundi Spana si kuna ile pikapu iliyokosa mnunuzi? Twende Jumatano. Ijumaa bado."

Mwalimu alikubali upesi. Alikubali kwa furaha hata. Daktari alitaka kulia. Yeye angeonyesha tofauti ya mtu aliyefundishwa na aliyemfundisha.

Jumatano saa kumi alasiri walikutana uani kwa Fundi Spana. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado na sare yake ya kliniki. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi. Alikuwa amesogeza mapipa kando, akapanga tairi chakavu duara katikati ya uwanja ziwe mzunguko wa barabara.

"Mwalimu mwenyewe leo!" alisema akipangusa mikono. "Ngoja niwaite vijana waje waone darasa."

"Waite," alisema Mwalimu.

Hakuwaita, na baadaye Mwalimu alimshukuru Mungu kwa hilo.

Aliingia pikapu upande wa kushoto, mkewe upande wa kulia. Bega lake likagusa mlango pale pale lilipozoea kugusa mlango. Dirisha lilikuwa mahali pa dirisha, handibreki mahali pa handibreki. Alifunga mkanda, akavuta pumzi. "Nimefika nyumbani," alisema. Akawasha, akatia gia ya kwanza, pikapu ikaondoka laini kuelekea kwenye tairi.

"Kioo," alisema kwa sauti yake ya kazini. "Ishara. Angalia bega. Vuta kulia."

Pikapu ilikwenda mbele.

"Kulia kidogo. Zaidi. Kata kulia." Duara la tairi likapita, sasa pipa ndilo lililokuwa likija. "Kata! Kata, nasema!"

Mkewe aligeuka akamtazama. Mkono mmoja wa mumewe ulikuwa gotini. Wa pili ulikuwa karibu na handibreki.

"Baba," alisema, "nani akate?"

Mguu ulishuka juu ya breki kwa nguvu zote za miaka ishirini na mitatu. Pikapu ilipiga magoti, ikasimama, pua yake ikiwa kiganja kimoja kutoka kwenye pipa. Kisha Fundi Spana akauliza kutoka kibarazani, bila ubaya wowote, "Mwalimu, ulikuwa unamsubiri nani?"

Alijaribu tena. Safari hii aliushika usukani, aliushika hasa, lakini mguu nao ukadai haki yake. Mguu wake ulijua kazi moja duniani, nayo ni kungoja kosa la mtu mwingine. Kila baada ya hatua tano ulilikuta kosa ukalikanyaga, na kichwa cha mkewe kikawa kinaitikia kama cha mjusi ukutani. Mara ya tatu alisahau mguu, akasahau na upande. Aliingia kwenye mzunguko kwa kushoto, akauzunguka wote vizuri sana, kinyume.

"Huko ugenini hapo tungekuwa tumeshakutana na lori," mkewe alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeona."

"Nijaribu na mimi?"

Walibadilishana viti. Mama alisogeza kiti, akarekebisha vioo kimoja kimoja, akakaa kidogo mikono juu ya usukani, anafikiri. Hakusema neno. Duara la kwanza alikwenda kama anayevusha yai. La pili alipumua. La tatu alipinda, akatoka, akarudi, akaegesha kati ya mapipa mawili kinyumenyume, akazima injini. Upande wa kulia, mumewe alikuwa amekanyaga sakafu yenye kutu kwa nguvu kiasi kwamba msuli wa mguu ulimkaza. Sakafu haikuwa na pedali. Pikapu ilisimama kila ilipopaswa kusimama, bila yeye.

Fundi Spana alipiga makofi. "Mama! Kumbe wewe ni dereva wa zamani, unatuficha tu!"

Mama alicheka kichwa kikiegemea nyuma. Kicheko kile kile cha dirishani.

Na hapo wivu wa Mwalimu, uliokuwa umepanga chumba kwa Daktari muda wote huo, ukanyanyuka, ukajikung'uta, ukahamia kwa mkewe. Uliingia na vyombo vyote. Daktari sasa alionekana mtu wa kawaida, mwenye kalamu tu. Lakini mwanamke huyu! Aliyemfundisha ni yeye. Aliyemkemea ni yeye. Siku ya mtihani wake wa kwanza, alipofeli, alimwambia, "Nilijua." Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti ambacho yeye Mwalimu alikiota usiku kucha, na kiti kilikuwa kimemkubali.

"Usijali, Mwalimu," Fundi alimshika bega walipokuwa wakiondoka. "Kinyozi hajinyoi."

"Panda nikupeleke nyumbani," mama alisema akifungua gari la kliniki.

"Nitatembea."

Jioni ile mkewe hakuligusa jambo hilo. Binti yao alipopiga simu kuuliza mazoezi yalikwendaje, mama alisema, "Salama, tulizunguka zunguka," akageuza maneno. Alimsitiri. Mwalimu aliusikia wema huo kutoka chumba cha pili na ukamwingia kama mwiba wa samaki. Angemcheka angalau wangegombana.

Alhamisi kabla ya kazi alirudi peke yake kwa Fundi Spana, akaomba ufunguo. Alizunguka zile tairi kwa saa nzima. Mizunguko mitano ilikwenda. Wa sita, mfanyakazi mmoja akakatisha mbele na toroli la vyuma. Breki ilikuja kwa wakati, hilo hakuna wa kulikanusha. Lakini mikono ilikuwa imeuachia usukani, naye alikuwa anapiga kelele, "Tazama mbele!" Alimpigia nani? Ndani ya pikapu alikuwa peke yake.

Alikaa pale injini ikinguruma. Katika kazi yake palikuwa na neno moja ambalo wanafunzi waliliogopa kuliko mtihani. Walipomwuliza kama wako tayari, aliwatazama mikono, si uso, akasema, "Bado hujaiva." Hakuwahi kumpendelea mtu, hata mtoto wa mwenye chuo. Aliitazama mikono yake. Haikuwa imeiva, na siku moja iliyobaki isingeiivisha.

Basi akatafuta mlango wa pili, na mwenye wivu haukosi. Mlango wenyewe ulikuwa mwepesi: asiende mtu. Angesema mwenye chuo amekataa ruhusa, kuna wanafunzi wengi, pengine mwakani. Mwenye chuo angemuunga mkono bila kuuliza. Gari lingepewa wengine, kadi zingerudi kuwa kadi, na mkewe asingewahi kuuzunguka mlima ule huku yeye amekaa pembeni kama mfuko wa nguo. Siku nzima alilipiga msasa lile neno, *amekataa ruhusa*, mpaka likateleza lenyewe ulimini.

Ijumaa saa sita na nusu mchana walikutana kwa wakala. Nyuma ya meza alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa na mhuri wake tayari. Mama alikuwa ameshaijaza fomu kazini, na ameambatisha karatasi ya safari nzima, siku kwa siku, kwa mwandiko wake wa kuandikia miadi. Mwalimu aliivuta karatasi ili apate mahali pa kutazama wakati akilisema lile neno.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu kilomita mia moja na arobaini. Siku ya tano palikuwa pameandikwa: *Makumbusho ya magari ya zamani. Asubuhi yote. (Baba.)*

"Hii nini?"

"Magari ya zamani. Yapo mia mbili, mengine ya kuwashwa kwa kuzungusha chuma mbele. Daktari alisema tuyapite, hakuna la kuona pale. Nikamwambia, wewe hapo humjui mume wangu. Hicho ndicho kilichotuchekesha siku nzima."

"Siku gani?"

"Sikumbuki. Wiki iliyopita. Nikamwambia nitakupoteza humo, nitakuta umeinama chini ya gari unatafuta breki."

Mwalimu alisoma tena ule mstari wa siku ya tano. *Amekataa ruhusa* lilikuwa pale pale, ncha ya ulimi. Akalimeza. Kisha akaona kwamba kwenye fomu yenyewe, nafasi ya dereva ilikuwa tupu.

"Hapa umeruka."

"Sikuruka. Nimekuachia wewe."

"Nikiandika langu?"

"Andika."

"Juzi uliniona."

"Nilikuona."

"Na utapanda?"

"Nitapanda. Nitafunga mkanda, nitamwomba Mungu njia nzima, lakini nitapanda. Wewe si ulipanda na mimi nilipokuwa sijui kushoto wala kulia?"

"Mimi nilikuwa na breki upande wangu."

"Mimi sitakuwa nayo," mkewe alisema. "Basi."

Alisema bila kumtega. Angekuwa anamtega, Mwalimu angeandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa. Lakini alimwona kweli ameketi kiti cha kulia kwenye barabara ile ya mlima, hana pedali, hana usukani, ana imani tu, na chini yake ziwa. Akaichukua kalamu. Aliandika jina la mkewe lote, la kwanza na la baba yake na la babu, kama lilivyo kwenye leseni aliyomsaidia kuipata. Mkono ulikwenda polepole. Kila herufi ilimuuma.

Msichana wa miwani aliivuta fomu. "Dereva ni mama. Na mzee, wewe ni abiria?"

"Abiria."

"Leseni unayo? Mfumo unauliza tu."

"Ninayo," alisema Mwalimu Breki. "Andika abiria."

Mhuri ukagonga.

Nje jua lilikuwa kali. Walisimama kando ya gari la kliniki, mama akitafuta ufunguo mkobani kwa muda mrefu kuliko ufunguo ulivyohitaji.

"Umenikasirikia," alisema.

"Hapana. Nina wivu."

Mkono wake ulitulia mkobani. Miaka thelathini na moja ya ndoa, neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwa mumewe. "Wa Daktari?"

"Daktari alikuwa wa wiki zile. Namwachia meno yake. Sasa nina wivu na wewe. Ulizunguka zile tairi kama unakoroga chai. Mimi nimetoa madereva mia tisa, mama. Mia tisa! Na nimeshindwa kujitoa mmoja."

Alidhani angecheka. Hakucheka.

"Hao mia tisa," mkewe alisema, "nimewaonea wivu mimi kabla yako. Unakuja nyumbani unanisimulia: leo yule muuguzi nimemwambia, 'Vizuri sana,' leo yule mama nimemwambia, 'Vizuri sana.' Mimi ulinifundisha miezi minne. Sikulisikia hata mara moja. Nilipofaulu uliniambia mtahini alikuwa na haraka."

"Alikuwa na haraka kweli."

"Najua."

Mwalimu alilitafuta neno lile, *vizuri sana*. Lilikuwa karibu, alilitumia kila siku, aliligawa mitaani bure. Akalifikisha hadi kooni, likakwama, maana wivu ulikuwa umekaa juu yake na haukuwa na nia ya kunyanyuka.

"Nikilisema sasa litakuwa la uongo," alisema hatimaye.

"Usilitoe la uongo. Nina siku kumi na mbili." Mkewe aliupata ufunguo. "Panda. Mwanafunzi wako wa saa nane atakungoja."

Mwalimu alizunguka akafungua mlango wa kushoto, akakaa. Gari la kliniki halikuwa na pedali upande wake, mkeka tu. Mkewe alipotazama nyuma na kuwasha ishara, yeye alihisi mguu wake unaanza kunyoka wenyewe. Akaivuta miguu yote miwili chini ya kiti, akaifunga kifundo juu ya kifundo kama mtoto aliyeambiwa atulie, na akaitazama barabara.